Ini la Mkwe Asiyetajwa

Watu wanakuja. Wengine wanatoka Ikolo, mmoja alikuja na baiskeli kutoka Katumba Songwe, mgonjwa wake kamwacha kitandani. Wanakaa kwenye mkeka wangu hapa Ipyana, tunasalimiana vizuri. Najua walichofuata. Wanataka kuniuliza, "Mama, ninyi mlifanyaje?" Na mimi jibu langu linawavunja moyo, maana sikufanya kitu. Nilikaa tu. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali mpaka nikajua lipi lina msumari na lipi linayumba. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza, na jina la mtu nikilisikia halinitoki. Basi nawaandikia, ili na yule asiyeweza kufika kwenye mkeka apate.

Aliyeugua hakuwa mimi. Alikuwa Atupele, mke wa mwanangu Anyimike, mama wa wajukuu zangu watatu. Mkubwa wao ni Lusajo, ndiyo maana wengi tunamwita Mama Lusajo.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuvuna mpunga. Alianza kuwashwa. Si upele, ngozi ilikuwa safi, lakini alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu. Tukasema ni makapi ya mpunga. Mpunga ukaisha, kuwashwa kukabaki. Halafu tumbo likaanza kutoka. Sokoni Mama Tumwitike anayeuza usipa, dagaa wa ziwani kwetu, akampigia vigelegele: "Hongera Mama Lusajo! Safari hii naona mapacha!" Akamwongezea usipa kopo zima. Atupele akacheka, akapokea, akashukuru. Alipofika nyumbani aliweka ule usipa chini, akaniambia, "Mama, mimi sina mimba. Siku zangu naziona." Nikamtazama machoni. Yalikuwa ya njano kama kiini cha yai.

Tukapanda Mbeya. Huko walimtoboa tumbo kwa sindano, wakatoa maji, ndoo kwa ndoo. Nesi aliitwa Happy, msichana wa Rungwe, mkono wake mwepesi. Alikuwa akimwambia Atupele, "Dada, leo umejifungua maji, kesho tunakutoa leba." Ndivyo tulivyocheka. Tumbo likapungua, tukarudi nyumbani, likajaa tena. Kipindi hicho sikuijua tarehe wala mwezi. Nilijua tu kwamba mbegu tulimwaga baada ya maji ya pili, na miche tukahamisha akiwa anatolewa ya nne. Mikono ikawa kama vijiti, miguu ikavimba, na uso wake mzuri ule ukawa na rangi ya udongo. Mtoto wake wa mwisho alianza kumwogopa. Hilo lilimuumiza kuliko sindano.

Daktari Lugano ndiye aliyetuambia ukweli. Ini limekufa. Dawa zinamshikilia tu asianguke. Kinachotakiwa ni mtu mzima, mwenye afya, akatwe kipande cha ini lake, apewe yeye, na kazi hiyo wanaifanya India. Za nauli na hospitali sizisemi, tuliuza kilichouzika na kanisa likatubeba. Sasa, nani atoe?

Anyimike alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Damu yake ikakataa. Alitoka chumba cha vipimo, akakaa chini kwenye sakafu, mwanaume mzima. Akaja Gwamaka, kaka yake Atupele. Damu ikakubali, tukaimba. Wakampiga picha ya tumbo, wakasema ini lake limejaa mafuta, halifai. Gwamaka akashika tumbo lake na mikono miwili: "Na mimi miaka yote nilidhani kitambi ni heshima!" Alisema kwa mzaha lakini machozi yalikuwa yanamtoka. Upande wa Atupele hakubaki mwingine. Tukarudi nyumbani kungoja. Kungoja nini, hakuna aliyesema.

Hapa lazima niwaeleze mila, maana ndiyo iliyotaka kutuulia mtu.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anaingia shambani, anajifunika, mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, mjini Kyela wanakaa meza moja na kuchekeana. Nyumba yetu hatukuacha. Mume wangu amekwisha kufa, lakini ana mdogo wake wa mwisho, Ambakisye, tunaishi naye mpaka mmoja. Kwa Atupele huyo ni baba mkwe, sawasawa na mume wangu. Na kwangu mimi ni kama mtoto. Mama yao alikufa Ambakisye hajaota meno, nami nilikuwa nimejifungua, nikamnyonyesha pamoja na wangu wa kwanza, Anyimike bado hajafikiriwa. Ni mtu mpole. Mguu wa kushoto anauburuta, alianguka kwenye mchikichi. Kila akija kwangu anasimama kwenye mikakao, anakohoa mara mbili, ili Atupele asikie apate kuondoka. Wameishi hivyo tangu Atupele aolewe.

Siku moja alikuja hivyo. Akakohoa. Atupele alikuwa amelala barazani, hana nguvu ya kusimama. Nikamwona anavuta kanga kichwani, anashuka kwenye mkeka, anatambaa kwa viwiko kuelekea mlangoni, na lile tumbo linaburuzika chini. Nikakimbia kumsaidia. Nilipogeuka, Ambakisye alikuwa ameshaondoka.

Alinifuata baadaye jikoni. "Shemeji," akasema, "nimemwona akitambaa."

"Ni ugonjwa."

"Mtu asitambae kwa ajili yangu. Nipelekeni na mimi nikapimwe."

"Wewe? Umri huo?"

"Ini langu halijui pombe. Linajua maziwa yako na ndizi tu."

Damu ikakubali. Picha ikatoka safi. Mwanzoni nilifurahi, halafu moyo ukanipasuka, maana sasa wa kulazwa chini ya kisu walikuwa wawili, na wote ni wangu.

Tulisafiri watatu. Anyimike alibaki na watoto na kakao. Mimi nilikwenda kwa sababu wale wawili hawawezi kuwa pamoja bila mtu wa kati. Tulipanga vyumba viwili karibu na hospitali, kwenye mji wenye joto kama letu kabla ya mvua, nami nikawa mdomo wao. "Shemeji, mwambie Mama Lusajo ale, hata kidogo." "Mama, mwambie mkwe asitembee sana juani na mguu ule." Napeleka, narudisha. Wakati mwingine wanasikiana kabisa, ukuta mwembamba, lakini wananingoja niseme mimi.

Mkalimani wetu alikuwa Idrisa, kijana wa Tanga, anakaa huko siku nyingi. Daktari mkuu aliitwa Suresh, mwembamba, anaongea polepole. Alitukalisha mimi na Ambakisye mbele ya kompyuta, Atupele akiwa wodini. Akaeleza kwamba wanaingiza habari za mtoaji na za mpokeaji: umri wa huyu, uzito wa yule, damu, ukubwa wa ini, mgonjwa amechoka kiasi gani. Haitoshi ini kuwa zuri, wala mgonjwa kuwa na nguvu. Wanatazama hawa wawili wakikutanishwa, ndipo mashine inakisia kama mgonjwa ataishi. Hilo nililielewa. Mpunga wetu ni mbegu moja, lakini ukiupanda Ikolo na ukiupanda hapa Ipyana hauji sawa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mashine inasema mkwe wangu ataishi?"

Idrisa akatafsiri. Daktari akajibu, Idrisa akaniambia, "Anasema watu waliolingana kama hawa, wengi wanaishi."

"Na wale ambao si wengi?"

Daktari hakunidanganya, na mimi nikamheshimu kwa hilo. Akasema jambo jingine: tusingoje sana. Kadiri Atupele anavyochoka, hesabu ya mashine inashuka, na ikishuka mno hawatamkata Ambakisye bure.

Lakini kabla ya kisu kuna kamati. Watu wanakaa mezani, wanahakikisha kwamba mtoaji ni ndugu kweli, hakununuliwa. Tukaingia. Atupele kwenye kiti cha magurudumu. Alipoona Ambakisye yumo, akanivuta nguo nimgeuze, akakaa ameupa mgongo ukumbi mzima, kanga kichwani. Mwenyekiti akauliza, Idrisa akatafsiri:

"Mtu huyu anayekupa ini anaitwa nani?"

Kimya.

"Hujui jina lake?"

Kimya.

"Mmewahi kula pamoja?"

"Hapana."

"Kuzungumza?"

"Hapana."

"Umewahi kumtazama usoni?"

"Sijawahi," akasema Atupele, na alisema kwa fahari, kama mtu anayejibu vizuri.

Wakaomba picha. Tulikuwa nazo za arusi, lakini kila alipo Atupele, Ambakisye hayupo. Ingekuwaje awepo? Nikasimama niseme. Wakaniambia nikae, nitaulizwa. Sikuulizwa. Wakaandika kwamba hawa watu hawajuani, wakatutoa.

Nje Idrisa alikuwa analowa jasho. "Bibi, mbona hamkuniambia? Wanadhani huyu mzee mmemnunua!"

"Hukuniuliza, baba."

"Ningeulizaje kitu nisichokijua?"

Ninyi mnaonisoma, hapo ndipo pa kushika. Mila zenu zisemeni kabla. Sisi tulidhani heshima inaonekana yenyewe kwa macho. Kule walipoitazama, waliona watu wawili wasiojuana.

Siku zilizofuata ndizo nisizopenda kuzikumbuka. Anyimike akakimbizana na mtendaji wa kijiji na mchungaji kupata barua za kuthibitisha undugu. Mimi nikangoja. Atupele akaanza kupotea akili. Aliona maji sakafuni, akaniambia, "Mama, mto umetoka, inua mpunga." Nikainama, nikainua hewa, nikaiweka kitandani. Akatulia. Ningefanya nini kingine?

Akili iliporudi nikamsihi. "Mwanangu, tukiitwa tena, taja jina. Mara moja tu. Mimi ndiye mkubwa, nakuruhusu."

"Mama, usiniombe hilo."

"Utakufa kwa sababu ya jina?"

"Yeye anaenda kukatwa kwa ajili yangu. Nimvunjie heshima siku hiyohiyo? Na akifa kwenye kisu, nitawaambia nini wanangu, kwamba nilimtaja?"

Nikatoka. Ambakisye alikuwa kwenye korido, amesikia yote. "Mwambie namruhusu," akasema. Nikarudi, nikasema. Atupele akafunga macho. "Mwambie ndaga fijo, namshukuru sana. Lakini hapana."

Nikasimama katikati ya mlango. Huyu ananipa neno, huyu anakataa neno, na siku ya mashine kushuka inakuja. Nilimkasirikia Atupele. Nilimkasirikia hata Ambakisye kwa upole wake. Nikaenda kukaa kwenye benchi lenye msumari makusudi.

Tuliitwa tena barua zilipofika. Safari hii mezani alikuwepo mwanamke mtu mzima, mvi zimejaa, akiitwa Mama Kamla. Wengine wakaanza na yale yale ya jina. Mama Kamla akawazuia kwa kidole, akamuuliza Atupele, "Mwanangu, acha jina. Unamjua vipi?"

Atupele, mgongo kwake, sauti imebaki uzi tu, akasema:

"Namjua kwa kikohozi. Anakohoa mara mbili akifika kwenye mikakao, moja kubwa, moja ndogo. Namjua kwa mguu, wa kushoto unaburuta, na mvua ikikaribia unaburuta zaidi. Ndizi anapenda zilizopikwa na maziwa, pilipili hali. Akipata samaki mbasa, kichwa anamletea mwanangu Lusajo, anakiweka juu ya kisiki, halafu anaondoka ndipo nichukue. Nilipojifungua wa mwisho na Anyimike hayupo, kila asubuhi nilikuta maji yamejaa kwenye mapipa. Hakuna aliyeniambia ni nani. Niliona mburuzo wa mguu kwenye tope."

Idrisa alitafsiri. Mimi hayo ya maji sikuwa nayajua. Nilimtazama Ambakisye, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Kamla akavuta upindo wa nguo yake, akaufunika kichwa mpaka machoni, vilevile kama Atupele, akasema neno, wenzake wakacheka taratibu. Idrisa akatuambia: "Anasema aliishi nyumba moja na baba mkwe wake mpaka mzee akafa. Anasema anavikumbuka viatu vyake. Uso haukumbuki."

Wakaweka saini.

Siku ya kukatwa waliwapeleka kwa milango miwili, mmoja mwanzo wa korido, mmoja mwisho. Hakuna aliyeniambia nikae wapi. Nikikaa kwa Atupele naona nimemtupa Ambakisye niliyemnyonyesha. Nikikaa kwa Ambakisye, watoto wa Atupele nawaona wananitazama. Nikakaa katikati, pasipo na kiti, chini. Mfagiaji, jina lake Lakshmi, alifagia akanizunguka, halafu akarudi na chai. Hatukuwa na lugha. Tulikunywa.

Atupele alitoka salama. Baada ya siku chache ile njano ikaanza kuondoka machoni, na asubuhi moja aliniambia ana njaa. Mwaka mzima sikuwa nimelisikia neno hilo.

Ambakisye ndiye aliyetuangukia. Homa ikampanda, tumbo likawa gumu. Wakasema nyongo inavuja pale walipokata, wakamrudisha kisuni. Nikamfuata Daktari Suresh na Idrisa: "Ile mashine ilisemaje kuhusu huyu?"

Idrisa akauliza. Akasikiliza. "Bibi, anasema mashine iliulizwa kuhusu Mama Lusajo. Kuhusu mzee waliangalia tu kama ni mzima."

Hilo nawaambia wote wanaokuja kwangu. Mtamwuliza daktari habari za mgonjwa mpaka mchoke. Ulizeni na za mtoaji. Sisi tulikuwa tumemtazama Ambakisye kama kisima, tuchote tuondoke.

Sikumwambia Atupele. Alijua. Aliniuliza mara moja, "Mama, mbona hukuja na neno lake leo?" Nikasema amelala. Kesho yake nikasema amelala. Akaacha kuuliza, na chakula akakiacha.

Halafu wakamhamishia Ambakisye wodi ileile ya Atupele, pazia tu katikati, kwa sababu vitanda vilijaa. Nesi Jessy alikuwa akimfundisha kukohoa, maana baada ya kisu kile usipokohoa kifua kinajaa. Akampa mto aukumbatie tumboni. Ambakisye akavuta pumzi, akakohoa. Moja kubwa. Akanung'unika kwa maumivu. Halafu moja ndogo.

Upande wa pili Atupele alikuwa usingizini na mipira yake puani na tumboni. Nikaona mkono unatafuta kanga. Akaanza kuinuka, akisukuma shuka, miguu inatafuta chini. Nikamshika mabega.

"Mama, niache, anapita."

"Hapiti, mwanangu. Amelala kitandani, mgonjwa kama wewe."

Akasikiliza. Kikohozi kikaja tena, moja, na ile ndogo.

"Basi mwambie nimesikia," akasema, akalala.

Nilizunguka pazia, nikamwambia. Ambakisye alikuwa ameukumbatia ule mto, midomo imekauka. "Ndaga," akasema. Kuanzia siku hiyo alianza kupona. Sijui kama ni dawa.

Tulirudi Kyela embe zikiwa zimeiva. Atupele anameza vidonge asubuhi na jioni, na atameza maisha yake yote. Kila baada ya muda tunapanda Mbeya kupima damu, na kila tukipanda mimi mate yananikauka mpaka karatasi itoke. Ile mashine ilikisia tu. Wanaonisoma wakidhani nitawaambia imekwisha, haijaisha. Lakini mpunga wa mwaka huu Atupele ameupepeta mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, na mtoto wake wa mwisho amelala mapajani mwake.

Ndugu walikaa wakajadili mila. Wifi yangu Subilaga ndiye aliyepaza sauti: "Mtu ana nyama yake tumboni, bado anamkimbia? Ni baba mkwe gani tena huyo?" Wengi wakamuunga mkono. Wakamwuliza Atupele. Akasema, "Zamani nilimheshimu kwa kuwa niliambiwa. Sasa mnataka niache?" Ambakisye alikuwa nyuma ya nyumba, hakuingia. Subilaga akacheka, "Haya, mkimbie mama, ila usikimbie sana utakatika mshono."

Kwa hiyo jina nimeliandika mimi. Yeye hajalitaja mpaka leo.

Jana jioni alikuja. Nilikuwa barazani nachambua maharage, Atupele kwenye mkeka. Tukasikia kikohozi kwenye mikakao. Atupele akajifunika kanga, akashika tumbo pale kovu linapovuta, akaanza kuinuka kwa goti moja, taratibu. Zamani Ambakisye akishakohoa alikuwa anaingia mara moja. Siku hizi anangoja. Nilimwona kati ya majani, amesimama, mkono wake tumboni mahali palepale, akimpa muda wa kuinuka.